Vitonge Vyekundu

Asubuhi hiyo Benedikta alikuta vitonge vyake vimegugunwa tena. Vilikuwa pale pale alipoviacha, juu ya ungo, chini ya upenu wa nyuma, vimepangwa safu kwa safu kama maandazi yanayosubiri mafuta. Vya pembeni vilikuwa vimemegwa, na kimoja kilikuwa kimetoweka kabisa. Alikiinua kile kilichobaki nusu, akakigeuza, akasonya kwa nguvu mpaka jirani akasikia.

"Panya hawa wananitafutia presha," alisema. "Kwenye mahindi hawaendi, kwenye karanga hawaendi. Wanakuja kula jasho langu!"

Panya mwenyewe alikuwa bombani anasugua sufuria. Jina lake Adelina, mke wa Wilbroad, mtoto pekee wa Benedikta, na tumbo lake la miezi saba lilikuwa limemlazimisha kukaa upande kwenye kigoda. Alisikia kila neno, na kila neno lilimpata. Aliendelea kusugua mahali palipokwisha kung'aa.

Tusimhukumu haraka. Mwanamke mwenye mimba akishikwa na hamu ya udongo hashikwi kidogo. Huota udongo. Mvua ikinyesha mbali, harufu yake ikaletwa na upepo, mate humjaa mdomoni. Na udongo wa Benedikta haukuwa udongo wa hivi hivi. Wilbroad aliufuata kwa pikipiki mpaka kwenye vichuguu vya porini upande wa Ipole, ukiwa mwekundu wa kuiva. Benedikta aliuponda, akausaga juu ya jiwe, akauchuja kwa maji na kipande cha kanga mpaka mchanga wote ukabaki nyuma. Kisha aliukanda kwa gundi ya mgunga na asali, akafinyanga vitonge, akavianika kivulini. Siku ya kuchora alilowanisha kitonge kwa maji, rangi ikatoka. Asali ndiyo iliyozuia rangi isipasuke ikishakauka kwenye kitambaa. Asali hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza Adelina.

Mwanzoni aliomba. Alisimama mlangoni kwa adabu zote akasema, "Mama, naomba kipande kidogo tu cha udongo wako. Moyo unanisumbua."

"Udongo wa kula unauzwa sokoni," Benedikta alimjibu bila kuinua macho. "Huu ni wa kazi."

Udongo wa kula, ule wanaouita pemba, ni kitu cha bei ya kutupa. Lakini Adelina hakuwa na shilingi yake mwenyewe. Hata chumvi alimwomba mume, na mume naye siku hizo hakuwa akipata abiria, tairi la pikipiki yake lilikuwa limekwisha. Basi akanyamaza. Baada ya hapo hakuomba tena, alimega.

Benedikta naye alikuwa na sababu zake. Mama mmoja aitwaye Bertila, mwenye nyumba ya kulaza wageni wanaokuja kuangalia njia ya zamani ya misafara, alikuwa amemwagiza picha za kutundika kila chumba. Alitaka miombo ya mwezi wa kumi, wakati miti inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua na pori lote linaonekana linaungua bila moshi. Picha za namna hiyo hula rangi nyekundu bila huruma. Na malipo yake yalikuwa na kazi moja tu, ambayo nyumba nzima iliijua: kumalizia chumba cha Wilbroad na mkewe, ili mtoto azaliwe chini ya bati na si chini ya turubai. Mbao zilikuwa zimekwisha kununuliwa, zimeegemezwa ukutani.

Kwa hiyo Benedikta aliviona vitonge vile vikimegwa, akaona bati la mjukuu wake linamegwa.

*

"Ni panya," alisema Raymundi, mumewe, akitoka ndani na kikohozi chake. Alikuwa amelima tumbaku Urambo mpaka kifua kikakataa, na vitu vya shamba alikuja navyo mjini kana kwamba kesho angerudi. "Ngoja. Nina dawa yao."

Aliingia stoo akarudi na kopo lenye kifuniko kilichofungwa kwa waya. Ndani kulikuwa na unga wa kuulia wadudu wa tumbaku.

"Pakaza kwenye vile vilivyomegwa. Kidogo tu. Viweke pembeni ya ungo, hapo hapo alipozoea. Akila leo, kesho tunamfukia."

Benedikta alipakaza kwa kijiti. Dawa ilikuwa na harufu kali, naye kwa ujuzi wa mkono wake akaongeza asali juu ili panya asishtuke. Alikifukia kijiti, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

"Mwambie Adelina asiguse huo ungo," Raymundi alisema akirudi kitini.

"Aguse ungo wangu afanye nini? Siku hizi hata shikamoo yake inatokea puani."

Ni kweli walikuwa wamenuniana. Juzi yake Adelina alikuwa amemwaga ndoo ya maji machafu, kumbe ndani yake udongo wa manjano ulikuwa unatulia. Benedikta alimsema mbele ya Zuwena, jirani yao, kwa sauti ya juu. Alimwita mkono mzito, akamwuliza kama kwao walimfundisha kumwaga tu. Tangu hapo walikuwa wakipishana uani kama watu wa mabasi tofauti. Basi Benedikta hakumwambia. Yalikuwa maneno machache mno, mtu angeyasema huku anapita. Aliyameza kwa kiburi, akaingia ndani kuchora.

*

Jua lilikuwa limepanda aliposikia sufuria inaanguka, kisha sauti ya Zuwena ikipasua ua.

"Mama Wili! Mama Wili, njoo! Mtoto anakufa huku!"

Adelina alikuwa chini, karibu na bomba. Jasho lilimtiririka kana kwamba amemwagiwa maji, mate yalimtoka mfululizo, na misuli ya mikono ilikuwa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Kisha mwili wote ukakaza, ukaanza kujipiga ardhini. Benedikta alitupa brashi, akampakata kichwa.

"Kifafa cha mimba hicho!" Zuwena alilia. "Dada yangu kilimchukua hivi hivi. Tafuteni bajaji!"

Bajaji ilipatikana. Benedikta alikaa nyuma na kichwa cha mkamwana wake mapajani, Raymundi akajibana mbele na dereva. Njia nzima Benedikta alikuwa akisali Salamu Maria, anaikata katikati, anaianza upya. Alisahau ugomvi, alisahau ndoo. Alichotaka ni mtoto huyu afumbue macho na amjibu vibaya kama alivyozoea.

Hospitalini muuguzi mmoja mnene aliwapokea kwa mikono myepesi na mdomo mzito.

"Kadi ya kliniki?"

"Tumeisahau, mwanangu. Ilikuwa ghafla."

"Mnasahau kadi, hamsahau kuvaa kanga mbili." Alikuwa tayari anafunga mkono wa Adelina kupima presha. "Mmempa dawa gani ya kienyeji? Semeni sasa hivi. Nyie mama wakwe ndio mnaotuulia hawa watoto."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka wakamtazama Benedikta. Alihisi uso unawaka.

"Sijampa kitu," alisema, na wakati huo aliamini anasema kweli.

Daktari kijana alifika, akaangalia tumbo, akaagiza sindano ya kifafa cha mimba. Muuguzi akachukua pamba akampangusa Adelina midomo. Pamba ilitoka nyekundu.

"Amejing'ata ulimi," alisema, akaitupa kwenye beseni.

Benedikta aliitazama pamba ile. Wengine waliona damu. Yeye alikuwa ameishi na rangi ile miaka, aliijua ikiwa mbichi, ikiwa kavu, ikiwa imelowana kwa mate. Damu husambaa kwenye pamba. Ile ilikuwa imekaa juu yake, na ukingoni ilikuwa imeacha chengachenga ndogo ambazo hakuna damu iliyowahi kuwa nazo. Alishika ukuta. Panya alikuwa Adelina.

*

Raymundi alikuwa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Benedikta alikaa karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Baba Wilbroad. Ni vile vitonge."

"Vitonge gani?"

"Vyenye dawa. Alikuwa anakula yeye. Siku zote hizi alikuwa anakula yeye."

Raymundi aliigeuzageuza kofia. Alianza kukohoa, akajizuia, macho yakamtoka machozi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza." Alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kama angefoka. "Wamesema kifafa cha mimba. Wana dawa yake. Waache watu wafanye kazi yao."

"Wanatibu kitu kingine, mume wangu! Si hicho!"

"Na ukisema? Fikiri. Mama mkwe kapaka sumu na asali juu, mkamwana kala. Juzi tu ulimtukana, Zuwena kasikia. Nani hapa Tabora atakuamini ulikuwa unatega panya? Utalala ndani, na mimi na kifua hiki nitakuletea chakula kwa miguu gani? Kopo lenyewe ni la kwangu."

Raymundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayeogopa kufa peke yake. Benedikta alimwelewa, na hilo ndilo lililomweka pale benchini. Aliiona selo. Aliuona uso wa Wilbroad. Aliona ukuta wa Bertila ukiwa mtupu. Alijiambia labda ni kweli ni kifafa cha mimba, labda alikula kile kisichopakwa, labda kidogo hakidhuru. Dakika zilikuwa zinapita, yeye anajitungia labda moja baada ya nyingine, na huko ndani kulikuwa na mtu anayekakamaa.

Wilbroad alifika na vumbi lake mpaka kwenye kope, nyuma ya pikipiki amempakia Recheli, mama yake Adelina, muumini wa kanisa la Moraviani, mwanamke mwembamba wa kusema taratibu. Recheli aliteremka akaja moja kwa moja kwa Benedikta, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mkwe wangu. Na asante. Wameniambia umempakata njia nzima. Umemwahi mwanangu. Mungu akulipe."

Benedikta aliitazama mikono ile iliyoshika ya kwake. Kucha zake mwenyewe zilikuwa na wekundu pembezoni, wekundu usiotoka hata kwa sabuni. Hakuweza kuvumilia. Kama Recheli angekuja anafoka, huenda angeweza. Shukrani ilimshinda.

Aliinuka. Raymundi alimdaka upindo wa kanga, akisema, "Mama Wilbroad," lakini Benedikta akaung'oa mkononi mwake. Alisukuma mlango wa wodi akasimama katikati.

"Daktari! Si kifafa. Amekula sumu."

Muuguzi aligeuka na sindano mkononi.

"Sumu gani?" Daktari alikuwa amekwisha mfikia. "Mama, sema sawasawa. Sumu gani?"

"Dawa ya wadudu. Ya tumbaku. Nilipaka kwenye rangi zangu za udongo, nikidhani ni panya wanazila. Kumbe ni yeye. Ana hamu ya udongo."

Daktari alimfumbua Adelina jicho, akaangalia mboni iliyosinyaa kama tundu la sindano, akajitukana chini chini. Akataja dawa nyingine kwa sauti, mtu akakimbia. Ndipo akamgeukia Benedikta.

"Tangu mmefika hapa unakaa nje na maneno haya?"

Benedikta aliinamia kucha zake.

"Nataka hilo kopo. Sasa hivi."

Wilbroad alikuwa amesimama mlangoni na Recheli. Wote wawili walikuwa wamesikia. Wilbroad alinyoosha kiganja kwa mama yake, akangoja ufunguo wa stoo. Alipompa, vidole vyao havikugusana.

Recheli ndiye aliyezungumza. Hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Udongo?" aliuliza. "Mwanangu alikosa udongo wa kula nyumbani kwako, mkwe?"

*

Adelina alipona. Sindano zile ziliingia kwa wakati wake, mate yakakauka, misuli ikatulia, jioni akafumbua macho na kuomba maji. Mtoto hakupona. Alitoka jioni hiyo hiyo, wa kiume, mzima viungo vyote, kimya. Muuguzi mnene, yule wa mdomo, alimfunga kwenye kanga akamkabidhi Recheli, kisha akaenda kusimama dirishani akiwapa watu mgongo.

Benedikta alimfuata daktari kwenye ukumbi.

"Ningesema tulipofika tu, mtoto angeishi?"

Daktari alivua miwani. Alionekana mdogo bila miwani. "Labda," alisema. "Labda isingesaidia pia. Sijui, mama." Alikuwa mkweli, na ukweli wake haukuwa na pa kushika. Benedikta alirudi nyumbani na lile neno, akalala nalo, akaamka nalo.

Askari alikuja akaandika maelezo, akalichukua kopo, akasema wataitwa. Raymundi hakutoka chumbani. Wilbroad alichukua mbao mbili kati ya zile zilizoegemezwa ukutani akazikata mwenyewe uani, kwa msumeno wa kuazima. Benedikta alitoka akasema, "Nikushikie ubao?" Wilbroad aliukanyaga ubao kwa goti, akaendelea kukata.

Mazishi yalikuwa mafupi. Udongo wa huko makaburini ni mwekundu pia, na Benedikta alipopewa nafasi ya kutupa udongo wake hakuweza kufungua vidole. Zuwena ndiye aliyemfungua, kimoja kimoja, huku analia kwa niaba ya wote. Ungo na vitonge vyote Wilbroad alikuwa amekwisha vifukia nyuma ya choo, vilivyopakwa na visivyopakwa. Picha za miombo zilibaki nusu, miti ina mashina na haina majani.

Adelina alibaki wodini kwa sababu homa ilikuwa imempata. Kila siku Benedikta alijifunga kanga ya kutokea, akafika mpaka kwenye mlango wa ua, akarudi. Hatimaye siku moja alipitia sokoni. Mwuza udongo alikuwa na rundo lake la pemba, vipande vya kijivu vilivyokaushwa vizuri.

"Chagua, bibi. Ni wa mkamwana?" aliuliza yule mama, akitabasamu. "Anajifungua lini?"

"Nifungie," Benedikta alisema.

Adelina alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mashavu yameingia. Recheli alikuwa amekwenda kuchota maji. Alipomwona mama mkwe wake, Adelina alijaribu kuinuka kidogo, kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ilitoka vizuri, shikamoo ile, haikutokea puani. Benedikta alitamani ingetokea puani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kifurushi cha gazeti, akakiweka kwenye shuka kati yao. Alikuwa amejiandaa kusema mengi. Njiani aliyapanga yote, akafika nayo, yakamkwama.

"Nimekuletea," alisema. "Ni safi. Nimenunua."

Adelina aliutazama ule udongo. Alichukua kipande, akakipeleka puani, akanusa. Benedikta alisubiri. Kisha Adelina akakirudisha taratibu mahali pake, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Hamu imekwisha, mama," alisema. "Ilikuwa ya kwake."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamweleza tu jinsi mambo yalivyo, ili asipate shida ya kuleta tena. Benedikta alianza kulia, naye Adelina akamwangalia akilia, hana machozi.

Kwenye kitanda cha pili alilala msichana mwenye tumbo kubwa, mgeni tu wa wodi, aliyeletwa asubuhi hiyo kutoka Sikonge. Macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye gazeti lile tangu lilipofunguliwa. Alijikaza, akashindwa.

"Bibi, shikamoo. Samahani. Kama hauliwi, naomba kipande kimoja tu. Moyo unanisumbua."

Benedikta alifuta uso kwa upindo wa kanga. Aliinua kifurushi, akavuka nafasi ile ndogo kati ya vitanda, mkono wa msichana ukiwa umekwisha nyooshwa. Hakumpa. Kwanza alimega kipande, akakitia mdomoni mwake mwenyewe, akakitafuna mbele ya macho yao wote, akakimeza. Akasimama hapo akisubiri, mkono wake umeshika tumbo lake mwenyewe. Msichana alimtazama asielewe, na Adelina akageuza uso ukutani. Benedikta alisubiri kwa muda mrefu. Ndipo akampa.